Nakisi, Kufu na Zaidi: Historia ya Jina la Duaradufu na Mchoro Wake

Mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita nchini Tanzania anayesoma hesabu za juu hupewa mlinganyo x²/a² + y²/b² = 1, akatakiwa auchoree grafu yake. Kazi hiyo, kwa mwenye kuielewa, haichukui muda mrefu. Umbo litokalo huitwa kwa Kiswahili duaradufu. Jina la umbo hilo katika lugha ya Kigiriki, ambamo lilizaliwa, liliutangulia mlinganyo wenyewe kwa muda upatao miaka 1,800. Na katika muda huo lilihamia Kiarabu, likarudi Ulaya kwa Kilatini, na maana yake ikafunikwa na mazoea. Historia hiyo yawahusu wanahesabu, lakini yawahusu zaidi wale wanaoshughulikia istilahi, kwa kuwa yaonyesha wazi jinsi jina moja liwezavyo kuuongoza mkono wa mchoraji na jingine likaupotosha.

Umbo lenyewe lilijulikana kabla halijapata jina lake. Katika karne ya 4 K.K. Mgiriki Menaechmus alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza mchemraba ulio maradufu ya mchemraba mwingine, na katika kutafuta huko ndiko inakosemekana alikoigundua mikato ya koni. Koni ni umbo la mfano wa pia ya kuchezea watoto, lenye ncha moja na kitako cha mviringo. Wagiriki wa wakati ule waliikata koni kwa bapa lililosimama wima juu ya mmojawapo wa mistari ya ubavuni mwake, na umbo la mkato likafuatana na ukubwa wa pembe iliyo kwenye ncha. Koni yenye pembe kali ilitoa mstari unaojifunga wenyewe. Yenye pembe mraba ilitoa mstari usiojifunga. Yenye pembe butu ilitoa mstari wa tatu, uliopanuka zaidi. Kwa hiyo Archimedes, aliyeuawa mwaka 212 K.K., hakutumia jina moja fupi kwa umbo la kwanza, bali aliliita mkato wa koni yenye pembe kali. Hilo lilikuwa elezo, wala halikuwa jina. Lilitaja mahali umbo lilikotoka, lakini halikusema lolote juu ya tabia yake.

Aliyelibadili jambo hili ni Apollonius wa Perga, aliyeishi baina ya karne ya 3 na ya 2 K.K. Katika kazi yake kubwa ya vitabu 8 juu ya mikato ya koni alithibitisha kwamba mikato yote mitatu yaweza kupatikana katika koni ile ile moja, ikiwa bapa la kukatia litainamishwa kwa kadiri mbalimbali. Baada ya uthibitisho huo majina ya zamani hayakufaa tena, kwani pembe ya koni haikuwa tena ndiyo inayoitenga mikato. Ilimpasa Apollonius atafute majina mapya, naye akayachukua katika msamiati uliokuwa tayari umezoeleka kwa wanajometri, msamiati ambao wapokezi wa kale waliunasibisha na wafuasi wa Pythagoras. Hao walikuwa na zoezi la kuuweka mstatili wa eneo fulani juu ya mstari uliopimwa. Mstatili ukilingana barabara na mstari, tendo hilo liliitwa parabole. Ukipungua, liliitwa elleipsis. Ukizidi, liliitwa hyperbole.

Msomaji wa sarufi na fasihi atayatambua maneno hayo matatu mara moja, maana Wagiriki waliyatumia pia katika elimu ya lugha. Elleipsis kwa wanasarufi ni kuliacha neno ambalo sentensi ingelihitaji. Hyperbole kwa wasemaji ni kutia chuku. Na parabole ni kuweka jambo kando ya jingine yapate kulinganishwa, ndiyo maana ikawa mfano au hadithi ya mafumbo. Elimu hizo mbili zimechota katika kisima kimoja cha maneno ya kila siku: kupungua, kulingana, kuzidi.

Yafaa ionyeshwe kwa hesabu ni nini hasa kinachopungua, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Na utolewe mlinganyo 9x² + 25y² = 225. Pande zote mbili zikigawanywa kwa 225, hupatikana x²/25 + y²/9 = 1, na huo ndio mlinganyo katika sura yake ya kawaida. Chini ya x² pana 25, ambayo ni mraba wa 5. Chini ya y² pana 9, ambayo ni mraba wa 3. Kwa hiyo umbo laukata mhimili wa x penye 5 na -5, na mhimili wa y penye 3 na -3. Nukta hizo nne ndizo nguzo za mchoro. Kwa kuwa x na y zimo katika mlinganyo kwa miraba yake tu, alama ya kutoa haibadili kitu. Nukta yoyote iliyopatikana upande mmoja ina wenzake watatu katika robo nyingine za mchoro. Yatosha basi kutafuta nukta za robo moja. Penye x = 3, y ni 2.4; penye x = 4, y ni 1.8. Nukta hizo zikiunganishwa kwa mstari uliopinda taratibu, usiovunjika wala kuchongoka mahali popote, robo ya kwanza imekamilika, na robo tatu zilizobaki hunakiliwa kutoka kwayo.

Sasa kipimo kihamishwe, kianze kwenye ncha ya kushoto badala ya kitovu, na umbali kutoka ncha hiyo uitwe u. Mlinganyo ule ule huandikika hivi: y² = 3.6u - 0.36u². Hapa ndipo jina la Apollonius linapofunuka. Mstatili wenye upande mmoja wa 3.6 na mwingine wa u ungekuwa na eneo la 3.6u. Mraba wa y haulifikii eneo hilo. Unapungukiwa na 0.36u². Penye u = 8, mstatili ni 28.8, upungufu ni 23.04, na mraba wa y ni 5.76, yaani y ni 2.4, nukta ile ile iliyokwisha kupatikana. Kama upungufu usingekuwapo, mlinganyo ungekuwa y² = 3.6u, na huo ni parabola, mkato ulio sawa na mstatili wake. Kama badala ya kupungua ungezidi kwa kadiri ile ile, ungekuwa y² = 3.6u + 0.36u², na huo ni haipabola. Mikato hiyo mitatu ikichorwa kwenye karatasi moja kutoka ncha moja, mwanzoni yakaribia kugusana: penye u = 1, y zao ni 1.8, na karibu 1.9, na karibu 1.99. Lakini penye u = 8 zimekwisha kuachana mbali: 2.4, karibu 5.37, na 7.2. Penye u = 10 mkato wa kwanza umeurudia mhimili na kujifunga, ilhali wenzake wawili waendelea bila mwisho. Upungufu ndio unaoufunga. Apollonius hakuwa na alama za x na y, wala hakuwa na mihimili miwili iliyowekwa tayari kabla ya umbo. Lakini uhusiano huu wa mraba na mstatili alikuwa nao kamili, na aliuthibitisha kwa maneno na michoro.

Katika karne ya 9 elimu hii iliingia Baghdad. Wana watatu wa Musa, wajulikanao kwa jina la Banu Musa, walivikusanya vitabu vya Apollonius na kuisimamia tafsiri yake kwa Kiarabu. Vitabu 4 vya kwanza vilitafsiriwa na Hilal al-Himsi, na vitabu vya 5 hadi 7 na Thabit ibn Qurra, aliyefariki mwaka 901. Kitabu cha 8 kilipotea. Hapana budi kukumbusha kwamba vitabu vya 5, 6 na 7 havikusalia kwa Kigiriki hata kimoja. Vimeufikia ulimwengu kwa njia ya Kiarabu peke yake, na Edmond Halley alipovichapa kwa Kilatini huko Oxford mwaka 1710 alivitegemea vitabu hivyo vya Kiarabu.

Wafasiri hao walikuwa na njia mbili. Wangeweza kuyachukua maneno ya Kigiriki kwa sauti zake, kama yalivyochukuliwa maneno mengi ya falsafa na ya tiba. Badala yake waliitafsiri maana. Mkato wa kupungua uliitwa qat' naqis. Mkato wa kulingana, qat' mukafi'. Mkato wa kuzidi, qat' za'id. Kwa hiyo msomaji wa Kiarabu aliyekutana na jina la umbo alipewa papo hapo tabia yake, wala hakuhitaji kujua Kigiriki.

Na hapa historia hii yaigusa lugha ya Kiswahili kwa namna ambayo haijapewa uzito unaostahili. Mizizi mitatu iliyotumiwa na wafasiri wa Baghdad yote mitatu imo katika Kiswahili, nayo imo katika usemi wa kila siku. Kutoka mzizi wa naqis Kiswahili kina nakisi, neno litumikalo kwa upungufu, hata katika habari za bajeti ya serikali. Kutoka mzizi wa mukafi' kina kufu, neno la mtu aliye sawa na mwenzake kwa hadhi, lisikikalo hasa katika mambo ya ndoa. Kutoka mzizi wa za'id kina zaidi, neno ambalo hata mtoto hawezi kupitisha siku bila kulitamka. Hayo hayakuja kwa njia ya jometri; yalikuja kwa biashara, sheria, dini na ujirani. Hata hivyo yapo, na maana zake hazikuondoka katika mizizi yake. Mwalimu akisema kwamba mkato wa kwanza ni wa nakisi, wa pili ni kufu ya mstatili wake, na wa tatu ni wa zaidi, amesema kwa Kiswahili safi jambo lile lile alilolisema Apollonius, tena kwa mizizi ile ile ya Thabit.

Hata chombo cha kuchorea kimeacha alama yake katika lugha. Katika karne ya 10 Ibrahim ibn Sinan, mjukuu wa Thabit, aliandika risala juu ya kuichora mikato mitatu kwa kutafuta nukta zake moja moja, ambayo ndiyo njia ya mwanafunzi wa leo ingawa pasipo mlinganyo. Katika karne hiyo hiyo Abu Sahl al-Quhi alieleza chombo alichokiita al-birkar al-tamm, kilichokuwa na mguu wa kuchorea unaoweza kurefuka na kufupika kadiri unavyouzunguka mhimili ulioinama, hata kikaweza kuichora mikato yote ya koni kwa mwendo mmoja. Neno birkar ndilo bikari ya Kiswahili, na tamm ni wa mzizi mmoja na timamu. Bikari ya kawaida huchora duara tu. Bikari timamu ya al-Quhi ilichora duara na mikato mingine pia.

Huko Ulaya ya Kilatini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Maneno ya Kigiriki yalibakizwa kwa sauti zake, na kwa asiyejua Kigiriki yakawa majina matupu. Pengo la maana likajazwa na mifano ya macho, na mfano uliokuwa karibu ni yai. Mwaka 1525 mchoraji mashuhuri wa Ujerumani, Albrecht Dürer, alitoa kitabu cha kupima kwa bikari na rula, na humo akaonyesha jinsi ya kuuchora mkato huu kutoka koni. Njia yake ilikuwa sahihi, lakini mchoro wake ulitoka na upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, naye akauita kwa Kijerumani mstari wa yai. Yaelekea alifikiri kwamba, kwa kuwa koni hupanuka kuelekea chini, mkato nao hauna budi kuwa mpana zaidi upande wa chini. Mlinganyo ungalimzuia, kwa maana y ya penye x = 3 na y ya penye x = -3 ni moja. Yai lina ncha mbili zisizofanana. Duaradufu ncha zake ni pacha.

Yai lilimsumbua pia Johannes Kepler, na safari hii mbinguni. Kepler alijiunga na Tycho Brahe mwaka 1600, na Brahe alipofariki mwaka uliofuata alirithi vipimo vyake vya sayari ya Mars, vipimo bora kuliko vyote vilivyokuwapo. Alijaribu kuiwekea sayari hiyo njia ya duara, akabakiwa na tofauti ya dakika 8 za pembe, ambayo ni chini ya sehemu ya 7 ya digrii moja. Alijua kuwa Brahe hakukosea kwa kiasi hicho; kwa hiyo alikiacha kielelezo chake badala ya kuvitilia shaka vipimo. Akajaribu njia ya mfano wa yai, na hesabu zake zikawa nzito mno. Katika barua kwa David Fabricius mwaka 1603 alieleza kwamba, lau njia hiyo ingalikuwa duaradufu kamili, kazi za Archimedes na Apollonius zingalimtosha. Mwaka 1605 alitambua kwamba ndivyo ilivyo hasa, na mwaka 1609 akatangaza katika Astronomia nova kwamba Mars hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu, nalo jua li katika fokasi moja.

Ugumu alioupata Kepler waweza kupimwa kwa rula. Fokasi ni nukta mbili ndani ya umbo, juu ya mhimili mrefu, ambazo umbali wake kutoka kitovu, c, hupatikana kwa c² = a² - b². Katika mfano uliotangulia c ni 4, na nukta (3, 2.4) iko umbali wa 2.6 kutoka fokasi moja na 7.4 kutoka ya pili, jumla 10, ambayo ni urefu wa mhimili mrefu. Jumla hiyo haibadiliki kwa nukta yoyote ya umbo. Njia ya Mars ikichorwa kwa nusu mhimili mrefu wa milimita 100, nusu mhimili mfupi utakuwa milimita 99.56. Upungufu ni chini ya nusu milimita, unene wa mstari wa penseli. Lakini jua litakaa milimita 9.3 mbali na kitovu. Jicho haliwezi kulitofautisha umbo hilo na duara. Mahali pa jua ndipo panaposhuhudia.

Mlinganyo wenyewe ulikuja mwisho. Pierre de Fermat aliandika juu ya mikato kwa njia ya milinganyo kabla ya mwaka 1637, ingawa kazi yake ilichapwa mwaka 1679. René Descartes alichapa jometri yake mwaka 1637. Mwaka 1655 John Wallis wa Uingereza alifanya jambo la ujasiri zaidi: aliichukua ile tabia ya mraba na mstatili, akaifanya iwe ndiyo maana ya mkato, na koni akaiweka kando. Tangu hapo umbo liliweza kuchorwa na mtu asiyewahi kuikata koni, na kwa kadiri hiyo jina lake likazidi kuwa fumbo.

Sasa neno la Kiswahili laweza kupimwa. Dufu husemwa juu ya kitu kisichokolea, kilichopungukiwa na ladha au nguvu. Duaradufu basi husomeka kuwa duara lililopungukiwa, na kwa mchoro maana hiyo ni ya kweli: duara lenye nusu kipenyo cha 5 lina y ya 4 penye x = 3, na y ya 3 penye x = 4; duaradufu la mfano lina 2.4 na 1.8. Kila kimo kimepunguzwa hadi tatu ya tano, wala hakuna kilichobaguliwa. Mchoraji anayelijua hilo aweza kulipata umbo zima kutoka duara.

Lakini upungufu huo si ule wa Apollonius. Kwa kipimo chake duara nalo lina nakisi, kwani penye nusu kipenyo cha 5 mlinganyo wake kutoka nchani ni y² = 10u - u². Wasemao kwamba Wagiriki waliliita umbo hili pungufu kwa kuwa ni duara lisilokamilika wanayachanganya mambo mawili. Elleipsis na naqis zalinganisha mraba na mstatili. Duaradufu lalinganisha umbo na duara. Neno la Kiswahili limeifikia fikra ya upungufu kwa mlango wake lenyewe, nalo limekwisha kukaa katika lugha. Hapana sababu ya kuling'oa.

Linalohitaji kurekebishwa ni maelezo yanayofuatana nalo. Aulizwaye duaradufu ni nini aghalabu hujibu kwa wepesi kwamba ni umbo la yai, na jibu hilo ndilo lililoupotosha mkono wa Dürer. Madhara yake ni makubwa zaidi mahali ambapo somo hufundishwa kwa Kiingereza, kama ilivyo katika shule nyingi za sekondari za Tanzania na Kenya, na Kiswahili huitwa kuja kusaidia pale tu mwanafunzi anapokwama. Msaada ukija na picha ya yai, mwanafunzi atauona mlinganyo ukikataa kuafikiana na picha, naye atadhani kasoro ni ya lugha yake. Kamusi yaweza kuandika hivi: duaradufu ni umbo lililofungwa, ambalo jumla ya umbali wa kila nukta yake kutoka nukta mbili maalumu haibadiliki, ni mkato wa koni ulio na nakisi, na vimo vyake ni vya duara vilivyopunguzwa vyote kwa uwiano mmoja. Maelezo hayo hayana neno geni hata moja, na kila sehemu yake yaweza kuhakikishwa kwa rula.